Mchuzi wa mgebuka hauongezi damu

Mhariri, salamu kutoka Kigoma mwisho wa reli.

Naandika nikiwa nimekalia gunia la dagaa hapa Kibirizi, namsubiri mteja wa Dar ambaye tangu saa mbili asubuhi ananiambia "natuma sasa hivi bosi" na sasa saa sita inaingia, kwaiyo muda ninao. Hili ninalotaka kusema nimetembea nalo tangu 2024 na kila nikilianzisha kijiweni wenzangu wananicheka wanasema nimekaliwa na mke. Basi nalileta kwenye gazeti, huko wakinicheka sitawasikia.

Mi ni mchuuzi wa dagaa. Nanunua kwa wavuvi alfajiri wakirudi na karabai zao, naanika, nafunga, napakia. Huu mwaka wa kumi na mbili. Na mke wangu, mke wa mtu ambaye hata mto wake wa kulalia unanuka dagaa, alikutwa hana damu. Mimba ya miezi sita, wingi wa damu 7.9. Kwa asiyezijua hizo namba, mjamzito akiwa chini ya 11 anahesabiwa ana upungufu, na akishuka chini ya 7 hapo ni upungufu mkali, utasikia mambo ya kulazwa na kutafuta watu wa kutoa damu. Sisi tulikuwa tumesimama ukingoni kabisa tunachungulia chini.

Dalili zilikuwepo, mi ndo sikuwa naona. Anayeujua mji wetu anajua ile barabara ya Lumumba inavyopanda kutoka stesheni mpaka Mwanga, mke wangu alikuwa anaipanda na kikapu kichwani huku anaongea, sasa akawa anasimama mara tatu, mara nne, anashika kiuno, moyo unamwenda mbio mpaka ukiwa karibu unaona shingo inadunda. Nikamwambia, na hili naliandika kwa aibu, wewe hii mimba ya tatu mbona unadeka. Akanyamaza. Kuna siku nikatafuta chenji kwenye pindo la kanga yake, nikafungua fundo, badala ya hela nikakuta vipande vya udongo, ile pemba wanayouza sokoni, vimelika pembeni kama biskuti iliyotafunwa na panya. Nikamuuliza, akasema unanukia kama mvua ya kwanza, akiukosa hapati usingizi. Nilicheka. Nilidhani ni uchu wa mimba tu kama wengine wanavyotamani ndimu au embe bichi. Baadae ndo nikaja kuambiwa kwamba huo uchu wa udongo, na wengine mchele mbichi, na wenye friji barafu, mara nyingi unatembea pamoja na upungufu wa madini ya chuma mwilini, alafu udongo wenyewe ukiingia tumboni unaweza kuzuia hata kile chuma kidogo kilichopo kisifyonzwe, yaani anayekosa anatamani kitu kinachomkosesha zaidi.

Kliniki alikuwa anaenda. Tuwe wakweli, alienda mara mbili kwenye kituo kimoja ambacho sitakitaja, na mara zote mbili pale kwenye kadi panapoandikwa wingi wa damu pakabaki patupu, kipimo kimeisha, njoo wiki ijayo. Ushauri aliopewa ni ule tunaoujua wote, "kula vizuri mama, kula mboga za majani na matunda". Na vidonge vya fefo, vile vya madini ya chuma na foliki asidi, wakampa. Basi.

Mara ya tatu tukaenda kwingine, safari hii na mimi nikiwepo kwa sababu alikuwa hawezi kutembea vizuri. Nesi alikuwa mama mtu mzima, tukamwamkia shikamoo, akamtoboa kidole, tone likaingia kwenye kile kimashine, ikatoka hiyo 7.9. Hata hakushtuka, akafunua kope ya chini ya jicho la mke wangu akaniita, "baba njoo uone, hapa panatakiwa pawe pekundu". Palikuwa peupe kama minofu ya samaki iliyochemshwa. Alafu akaniuliza mimi, sio mke wangu, mimi:

"Jana usiku mlikula nini?"

"Ugali wa muhogo na mgebuka."

"Mgebuka wangapi?"

"Mmoja, mkubwa tu."

"Alimla nani?"

Mhariri, hapo ndo nilipokwama. Maana nilianza kuvuta picha ya sinia la jana yake. Mgebuka, yule samaki wetu wa ziwani, umelala kwenye mawese, mkubwa kweli. Kichwa na mgongo wangu. Mkia wangu pia kwa sababu mi napenda mkia uliokauka. Watoto wamenyofolewa vipande vya ncha ya kidole, wamemwagiwa mchuzi. Mama yao kachovya tonge kwenye mchuzi. Na alisema kitu ambacho amekisema miaka yote na mi nilikuwa nakichukulia kama mzaha, "mi nimeshashiba na harufu nilivyokuwa napika".

Nesi akaniuliza nafanya kazi gani. Nikasema nauza dagaa. Akavua miwani akanitazama. "Kwaiyo damu ya mkeo unaifunga kwenye gunia unaipeleka Dar."

Sikuwa na jibu na mpaka leo sina.

Alitueleza bila haraka, na nitajaribu kulileta kama alivyolisema na kama nilivyokuja kusoma mwenyewe baadae kwenye simu. Damu inakuwa nyekundu kwa sababu ya himoglobini, na himoglobini haijengwi bila chuma. Ndo inabeba oksijeni kutoka kwenye mapafu kupeleka mwili mzima, ikipungua ndo unapata kizunguzungu na moyo unakimbia kufidia. Chembe nyekundu zinaishi kama siku 120 tu alafu mwili unatengeneza zingine, kwaiyo ni ujenzi ambao hausimami na vifaa visipoletwa kila siku nyumba inaanza kupungua tofali. Sasa sikia hesabu hii ambayo ndo ilinimaliza. Kwa vipimo wanavyotumia wataalamu wengi wa lishe, mwanaume mtu mzima anahitaji kama milligramu 8 za chuma kwa siku. Mwanamke wa umri wa kuzaa 18, kwa sababu ya hedhi. Mjamzito 27. Yaani mwenye mahitaji makubwa kuliko wote mle ndani alikuwa anakula mchuzi, na mimi wa 8 nilikuwa namaliza samaki.

Na mchuzi hauna kitu! Chuma kipo kwenye nyama ya samaki, kwenye damu yake, kwenye maini. Kinachotoka kwenda kwenye mchuzi ni ladha na mafuta na kidogo sana cha hayo mengine. Ugali wetu wa muhogo nao, nisieleweke vibaya mi bila muhogo sijala, unashibisha, lakini protini yake ndogo na chuma chake kidogo. Kwaiyo tumbo limejaa, mwili una njaa. Hilo ndo watu hawaelewi, wanasema huku Kigoma hakuna njaa, ni kweli mtu hakosi tonge, ila uliza anachovyea nini.

Kuna ushauri wa "kula mboga za majani" ambao unatolewa kila kona. Sio uongo lakini umekatwa nusu. Chuma cha kwenye kisamvu, matembele, mchicha, maharage, mwili unakichukua kwa shida, mara nyingi haifiki hata sehemu moja ya kumi ya kilichopo, wakati kile kinachotoka kwenye nyama, samaki na maini mwili unaweza kuchukua karibu robo. Maharage ya Kasulu na Buhigwe tunayo, tunajivunia, ila yana vitu ndani yake vinavyokishika chuma kisiachie. Sasa habari njema ambayo nesi alimwambia mke wangu na mi nikaona kumbe ni rahisi hivi, ukitupia konzi ya dagaa kwenye sufuria ya maharage, ile nyama ya samaki inasaidia hata chuma cha maharage kifyonzwe zaidi. Ukikamulia limao au ndimu, ukila na embe au chungwa au hata nyanya za kutosha, nako kinafyonzwa zaidi kwa sababu ya vitamini C. Kuloweka maharage usiku kucha alafu kumwaga yale maji nako kunasaidia kidogo. Na mawese yetu haya ambayo watu wa mikoa mingine wanayaziba pua, yale mekundu yenyewe, yana vitu vya kutengenezea vitamini A na mwili ukiwa na vitamini A unatumia chuma vizuri zaidi, ila wapo wanaoyaunguza jikoni mpaka yanapauka eti kuondoa harufu, wakimaliza hapo wameondoa harufu pamoja na faida.

Alafu chai. Hapa najua nitagusa watu maana Ujiji bila chai ya rangi siku haijaanza. Chai ikinywewa pamoja na chakula inakamata chuma cha mboga na maharage na inaweza kupunguza zaidi ya nusu ya kile ambacho ungepata. Kahawa vilevile. Sio kwamba chai ni sumu, inywe ila iache ikae mbali na chakula, saa moja au mbili. Mke wangu alikuwa anamezea fefo kwa chai ya rangi! Asubuhi alizomeza, kidonge na kikombe. Na kuna siku zingine hakumeza, nilikuja kuvikuta kwenye kopo la sukari tupu vimefungwa kwenye karatasi, karibu vya mwezi mzima, kwa sababu vilikuwa vinamchefua na choo kinatoka cheusi akaogopa anaoza tumbo na hakuna aliyemwambia kwamba hicho cheusi ni chuma kilichobaki tu na ni kawaida. Ukivimeza usiku baada ya kula kidogo kichefuchefu kinapungua. Mambo ya dakika mbili kumwambia mtu.

Na sasa niseme kuhusu wekundu, maana hii inanikera kweli. Kila grupu la WhatsApp nililomo kuna mtu anatuma, ongeza damu kwa siku tatu, changanya bitiruti na rozela na soda nyekundu na nyanya ya kopo. Mama mkwe wangu alitoka Kasulu na chupa tatu za soda, hela ya soda hizo tatu ungepata dagaa wa kula siku kadhaa. Sikumwambia kitu, mkwe ni mkwe. Lakini jamani wekundu wa rozela ni rangi ya ua na wekundu wa soda ni rangi ya kiwandani, havihusiani na damu kwa lolote. Bitiruti gramu 100 haifiki hata milligramu moja ya chuma. Ule kwa sababu mtamu, sawa, lakini mjamzito wa 7.9 ukimpa soda umempa sukari. Na mama mkwe huyohuyo ndo alimkataza mke wangu mayai toka mimba ya kwanza, eti mtoto atazaliwa hana nywele. Watoto wetu wote wana nywele, na wa mwisho ambaye mama yake aliyala mayai ndo anazo nyingi kuliko wote, nasema tu.

Kabla ya siku hiyo ya nesi, na hili lilitubana, ziwa lilikuwa limefungwa. Mnakumbuka 2024 Tanzania na wenzetu wa Congo, Burundi na Zambia tulisimamisha uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei mpaka 15 Agosti samaki wazaliane. Mi sina ugomvi na hilo, wavuvi wa zamani wote watakwambia dagaa wamepungua. Ila miezi hiyo mitatu dagaa wakavu walipanda bei na mi nilikuwa na magunia stoo, nikayauza yote. Yote Mhariri. Nyumbani tukala ugali na mlenda na maharage na chai. Nilipata hela nzuri msimu ule, nikabadilisha bati.

Baada ya siku ile ya nesi tulifanya hivi. Alipimwa malaria na choo, akapewa dawa ya minyoo, fefo mara mbili kwa siku. Lazima niseme hili ili nisionekane nalaumu sahani peke yake, huku kwetu malaria inakula damu sana, utafiti wa kitaifa wa 2017 uliiweka Kigoma ya kwanza nchini kwa watoto waliokutwa na vimelea, asilimia 24. Na wazee ugonjwa huu waliuita safura, na safura ndo hilohilo jina la minyoo inayoingilia kwenye nyayo za asiyevaa viatu inaenda kunyonya damu utumboni. Kwaiyo neti, viatu, choo, vyote vina sehemu yake. Lakini hata ukimaliza minyoo na mbu, damu mpya itajengwa kwa kitu gani kama sahani ina mchuzi?

Jikoni tulibadilisha. Nilileta nyumbani dagaa wangu mwenyewe, wale wa kwenye chanja sio wa mchanga, na nikapiga marufuku kuwakata vichwa, dagaa raha yake analiwa mzima na faida yake ipo hukohuko kwenye kichwa na tumbo. Maini ya ng'ombe mara moja kwa wiki, sio kila siku, nesi alisema kwa mjamzito yakizidi nayo sio mazuri. Na samaki akiiva anagawa mke wangu, anaanza na yeye mwenyewe. Wiki ya kwanza alishindwa. Mkono unaenda kwenye sahani yangu wenyewe, nikimrudishia anarudisha, watoto wanatuangalia kama tunacheza karata. Mpaka nikaanza kula baada yao. Baada ya wiki nne wingi wa damu ukasoma 9.1, wiki nne zingine 10.4, akajifungua salama mwezi wa kumi, na wakati wa kujifungua akapoteza damu kidogo tu ya kawaida. Nesi alisema angefika na ile 7.9 hata hiyo ya kawaida ingeweza kumsumbua. Na vidonge aliendelea navyo miezi baada ya hapo, kwa sababu kujaza stoo ya mwili sio kazi ya wiki mbili.

Watoto nao nikawaangalia upya. Utafiti wa afya wa taifa wa 2015-16 ulikuta wanawake 45 katika kila 100 wa umri wa miaka 15 mpaka 49 wana upungufu wa damu, na watoto wa miezi 6 mpaka 59 ni 58 katika 100. Zaidi ya nusu! Na sisi tunawapa chai ya rangi kwenye kikombe cha plastiki wakiwa na mwaka mmoja, na uji wa muhogo mweupe na sukari. Mtoto akifika miezi sita akiba ya chuma aliyozaliwa nayo inakuwa inaisha na maziwa ya mama peke yake hayatoshi. Nchi hii ina kanuni tangu 2011 za kuongeza virutubishi kwenye unga wa viwanda vikubwa, vizuri sana, ila muhogo wangu unasagwa kwenye mashine ya mtaani hapa Gungu na hakuna anayeongeza chochote pale zaidi ya kelele.

Ombi langu sio kubwa. Kwanza hicho kipimo cha damu kisikosekane, maana mama anaweza kuhudhuria kliniki mimba nzima na namba yake asiijue. Pili, na hii haihitaji bajeti, manesi mtuulize sisi wanaume lile swali. Jana mlikula nini, na alimla nani. Mkituuliza mbele ya wake zetu tutajibu vibaya, tutakasirika, lakini tutarudi nyumbani tunafikiria. Mi nimehudhuria vikao vya mtaa vya uzazi wa mpango, vya neti, vya choo, sijawahi kusikia hata kimoja mtu akitaja firigisi. Kuku akichinjwa firigisi ya baba, maini ya baba, paja la baba, mama ana shingo na miguu, alafu huyohuyo mama tunamwambia kula vizuri.

Mtoto wetu ana miezi minane sasa. Uji wake una unga wa dagaa, anaukunjia uso kidogo alafu anamaliza. Jumapili tulichinja jogoo, na binti yangu mkubwa wa miaka tisa akaichukua firigisi kabla ya mtu yeyote hajasema kitu, akampelekea mama yake jikoni, mama yake akaikata vipande viwili wakala hukohuko wamesimama, na mi nilikuwa nasikia kutoka sebuleni wanacheka.

Huyu wa Dar katuma hela, acha nikapakie.

Wenu msomaji,
Mchuuzi wa Dagaa,
Kibirizi, Kigoma.